Upungufu wa vitamini D: namna ya kuutambua, kuomba kipimo sahihi na kusoma majibu yake

Watu wengi wa Afrika Mashariki wakisikia habari za upungufu wa vitamini D hudhani ni shida ya wakazi wa nchi za baridi, kwa kuwa huku kwetu jua halikosekani mwaka mzima. Dhana hiyo ni kweli nusu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao za asili uliwakuta na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D katika kila lita ya damu, yaani zaidi ya mara mbili ya kiwango ambacho taasisi nyingi za afya hukihesabu kuwa kinatosha. Lakini hao ni watu wanaotumia sehemu kubwa ya mchana nje. Mhasibu wa Posta jijini Dar es Salaam anayetoka nyumbani alfajiri, akashinda ofisini chini ya kiyoyozi na kurudi jioni ndani ya daladala, anaishi katika nchi yenye jua bila yeye mwenyewe kuliona. Hali kadhalika mama wa Mombasa au wa Muscat anayejifunika vazi refu kila atokapo, na mtoto mchanga anayelelewa ghorofani bila kutolewa nje. Ndiyo maana nchi za Ghuba, ambako joto huwalazimisha watu kukimbilia ndani ya nyumba na magari, ni miongoni mwa sehemu za dunia ambazo upungufu huu umeenea sana.

Anayetaka kupima anapaswa kujua mapema kwamba namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya majibu haina maana peke yake. Ni lazima ajue kilipimwa kitu gani hasa, kwa kizio gani, na kwa sababu gani kilipimwa.

Vitamini hii hupatikanaje, na ikipungua huonekanaje

Sehemu kubwa ya vitamini D haitokani na chakula. Mionzi ya jua ya aina ya UVB ikifika kwenye ngozi hubadilisha aina fulani ya kolesteroli iliyomo humo kuwa vitamini D3. Vitamini hiyo, pamoja na ile kidogo itokayo kwenye chakula, husafirishwa na damu hadi kwenye ini, ambako hugeuzwa kuwa 25-hidroksivitamini D. Hii ndiyo akiba ya mwili, na hudumu katika damu kwa majuma kadhaa. Kisha figo huchukua sehemu ya akiba hiyo na kuigeuza kuwa 1,25-dihidroksivitamini D, ambayo ndiyo homoni yenyewe inayofanya kazi, nayo hudumu kwa saa chache tu. Majina hayo ni magumu kutamka, lakini ni afadhali msomaji ayazoee mapema, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote katika upimaji hutokea pale yanapochanganywa.

Kazi yake kuu iliyothibitishwa pasipo shaka ni kuuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu na fosforasi, ambazo ndizo huifanya mifupa iwe migumu. Mtoto aliyepungukiwa sana hupata matege: miguu hupinda, vifundo vya mikono na vya miguu huvimba, meno huchelewa kuota, na pengine huchelewa kusimama na kutembea. Kwa mtu mzima mifupa hulainika bila kupinda kwa namna inayoonekana, naye huhisi maumivu ya chinichini katika kiuno, nyonga, mapaja na mbavu, maumivu ambayo huongezeka mfupa unapobonyezwa. Misuli ya mapaja hulegea, hata kuinuka kitini bila kujishikiza au kupanda ngazi kukawa kazi.

Hapa pana tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba si kila matege hutokana na upungufu wa vitamini D. Utafiti uliofanyika Nigeria na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto wengi wenye matege huko walikuwa wamepungukiwa kalsiamu katika chakula, na walipata nafuu walipopewa kalsiamu. Katika mkoa wa Arusha, hasa maeneo yanayouzunguka Mlima Meru kama Maji ya Chai, floraidi nyingi iliyomo katika maji ya kunywa, na katika magadi yanayotumika jikoni, huweza kupinda miguu ya watoto kwa namna inayofanana sana na matege. Mzazi wa huko anayemwanika mtoto juani kila asubuhi bila kubadili chanzo cha maji anaweza kuwa anatibu ugonjwa usiokuwepo.

Tahadhari ya pili inahusu uchovu. Siku hizi uchovu, huzuni, kunyonyoka nywele na maumivu ya kichwa vyote hubebeshwa vitamini D, na wauzaji wa vidonge hawana sababu ya kukanusha. Uchovu peke yake hauthibitishi lolote. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingoni, kisukari na kukosa usingizi ni visababishi vinavyostahili kuchunguzwa kwanza. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao VITAL, uliowashirikisha watu 25,871, ulionyesha kuwa kumeza yuniti 2,000 (kizio cha kipimo cha vitamini, ambacho kwenye chupa huandikwa IU) za vitamini D kila siku hakukupunguza kutokea kwa saratani, wala mishtuko ya moyo na kiharusi. Na matokeo yake mengine, yaliyotolewa mwaka 2022, hayakuonyesha kupungua kwa mivunjiko ya mifupa. Washiriki wengi hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, na hilo ndilo funzo lake: vitamini hii humfaa aliyepungukiwa.

Nani ana sababu ya kupima

Kipimo kina maana pale ambapo jibu lake litabadilisha matibabu. Wanaostahili ni mtoto mwenye dalili za matege. Mtu mzima mwenye maumivu ya mifupa na udhaifu wa misuli kama ulivyoelezwa. Mwenye mifupa iliyokonda au aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu. Mwenye kalsiamu ya chini katika damu. Mwenye ugonjwa sugu wa figo au wa ini. Na mwenye ugonjwa wa utumbo unaozuia kufyonzwa kwa mafuta, au aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Waongezwe hapo wanaotumia kwa muda mrefu dawa za kifafa kama fenitoini, fenobabitoni na kabamazepini, dawa ya kifua kikuu ya rifampisini, au dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI ya efavirenzi, kwa kuwa dawa hizo huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D mwilini.

Mtu mwenye afya njema asiye na lolote katika hayo hana haja ya kupima kwa udadisi tu. Chama cha madaktari wa homoni cha Marekani, Endocrine Society, katika mwongozo wake wa mwaka 2024 kilishauri watu wazima wenye afya wasipimwe kama desturi, hata kama ngozi yao ni nyeusi. Uingereza nayo, tangu mwaka 2016, huwashauri wakazi wake wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku, ambazo ni sawa na yuniti 400, katika miezi ya vuli na ya baridi, na wenye ngozi nyeusi wenye asili ya Afrika au Asia ya Kusini wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima, bila kupima kwanza. Mzanzibari aliyehamia London au Mkongomani aliyeko Manchester anaweza basi kuufuata ushauri huo bila kulipia maabara. Huko mbali na ikweta jua la miezi ya baridi hushuka chini sana, kiasi kwamba hata siku ya anga jeupe mionzi ya UVB inayofika ardhini haitoshi kutengeneza vitamini. Katika mji wa Boston, Marekani, hali hiyo hudumu tangu Novemba hadi Februari, na Edmonton, Kanada, tangu Oktoba hadi Machi.

Kuomba kipimo sahihi

Kipimo kinachotakiwa ni cha akiba, yaani 25-hidroksivitamini D, ambacho katika fomu za maabara huandikwa 25(OH)D au 25-hidroksi. Fomu iliyoandikwa «vitamini D» tu isikubaliwe bila kuuliza, kwa sababu maabara nyingi zina vipimo viwili chini ya jina hilo, na cha pili, kile cha 1,25-dihidroksi, humdanganya asiyekifahamu. Akiba inapopungua, kalsiamu huelekea kushuka. Tezi ndogo za paratiroidi zilizoko shingoni hulihisi hilo na kumwaga homoni inayoihimiza figo itengeneze 1,25 nyingi zaidi kutokana na kidogo kilichobaki. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa mwenye upungufu mkubwa anaweza kuonekana na 1,25 ya kawaida, au hata ya juu, akaambiwa yuko salama na kurudi nyumbani na maumivu yake. Kipimo hicho cha pili kina kazi yake, hasa kwa wagonjwa wa figo na wenye kalsiamu iliyopanda bila sababu kujulikana, lakini anayepaswa kukiagiza ni daktari mwenye sababu maalumu.

Pale ambapo upungufu unashukiwa kwa dalili, daktari mwangalifu hataishia kwenye namba moja. Ataongeza kalsiamu, fosforasi, kreatinini ya kuangalia figo, kimeng'enya cha alkalini fosfatesi, ambacho hupanda mifupa inapolainika, na pengine homoni ya paratiroidi yenyewe. Kwa mtoto, picha ya eksirei ya kifundo cha mkono na ya goti huonyesha matege waziwazi, na katika hospitali ya wilaya isiyo na uwezo wa kupima vitamini D, picha hiyo pamoja na alkalini fosfatesi huweza kutosha kuanzisha matibabu.

Kabla ya kulipa, uliza mambo machache mapokezini: kama maabara hupima yenyewe au hutuma sampuli kwingine, majibu yatachukua siku ngapi, na kama bima yako inalipia kipimo hiki, na kwa masharti gani. Kwa kawaida bima hutaka maelezo ya daktari yenye sababu ya kitabibu, na mgonjwa anayekwenda maabara kwa hiari yake hulipa mwenyewe.

Siku ya kutoa damu

Maandalizi ni machache. Huhitaji kufunga kula, isipokuwa kama damu hiyohiyo itapimwa sukari au mafuta. Damu huchukuliwa kwenye mshipa wa mkono. Katika baadhi ya nchi kuna pia vifaa vya kujichoma kidole nyumbani na kutuma matone ya damu kwa posta, navyo vinafaa ikiwa maabara inayopokea ni ya kuaminika.

Jambo linalosahaulika ni biotini, ile vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha. Ikimezwa kwa wingi huvuruga baadhi ya mashine za maabara na kutoa majibu ya uongo, kwa hiyo mwambie mtaalamu kama unaitumia, na uulize uiache siku ngapi kabla ya kupimwa. Mwambie pia kama ulichomwa sindano ya vitamini D au kumeza dozi kubwa hivi karibuni. Ukiwa na homa kali au maambukizi mazito, ahirisha: uvimbe mwilini hushusha kiwango kinachoonekana kwenye damu, na utaandikiwa dawa ya upungufu ambao huenda hauna.

Kusoma karatasi ya majibu

Anza na kizio, kabla hujaitazama namba. Maabara nyingine hutoa majibu kwa nanogramu kwa mililita, ambazo huandikwa ng/mL. Nyingine kwa nanomoli kwa lita, ambazo huandikwa nmol/L. Nanogramu 1 kwa mililita ni sawa na nanomoli 2.5 kwa lita. Majibu ya 22 katika kizio cha kwanza ni sawa na 55 katika cha pili, na mtu huyo hana sababu ya kuhangaika. 22 katika kizio cha pili ni chini ya 9 katika cha kwanza, nao ni upungufu mkubwa unaohitaji tiba. Wanaotumiana picha za majibu kwenye simu na kulinganisha namba bila vizio wanajitisha, au wanajifariji, bila msingi. Kama karatasi inatenganisha D2 na D3, yaani aina mbili za vitamini hii, inayotakiwa ni jumla yake.

Mipaka yenyewe haikubaliwi na wote, na ni vizuri mgonjwa alijue hilo kuliko kudhani kuwa mstari mwekundu uliochapwa na maabara umeshuka kutoka mbinguni. Taasisi ya tiba ya Marekani iliyopitia ushahidi mwaka 2011 ilihitimisha kwamba 20 ng/mL, yaani 50 nmol/L, zinatosha kwa karibu watu wote, na kwamba aliye chini ya 12 ng/mL, yaani 30 nmol/L, yuko katika hatari ya upungufu wa kweli. Mwaka huohuo Endocrine Society ilitaka watu wafike 30 ng/mL, na kwa kigezo hicho umati wa watu wazima wenye afya ukageuka kuwa wagonjwa. Mwongozo wake wa mwaka 2024 umekiacha kigezo hicho, lakini maabara nyingi bado hukichapa kwenye karatasi zao. Kwa hiyo mtu mwenye 24 ng/mL asiye na dalili anaweza kuandikiwa «chini ya kiwango» hali mifupa yake haina shida yoyote. Uingereza huweka mpaka wake wa chini kwenye 25 nmol/L.

Kwa watu weusi pana fumbo jingine. Imeonekana Marekani kwamba Wamarekani Weusi kwa wastani wana 25-hidroksi ya chini kuliko Wazungu, lakini mifupa yao ni mizito zaidi na huvunjika kwa nadra zaidi. Wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu. Kwa mgonjwa, maana yake ni kwamba namba iliyo chini kidogo ya mpaka isomwe pamoja na dalili, kalsiamu na homoni ya paratiroidi, isisomwe peke yake. Tena maabara mbili zikipima damu ileile kwa mbinu tofauti, si ajabu zikapishana kwa asilimia 10 au zaidi. Mabadiliko kutoka 19 hadi 21 si habari.

Baada ya majibu

Mtu mwenye upungufu wa wazi mara nyingi huandikiwa kidonge cha yuniti 50,000 mara moja kwa juma, kwa muda wa majuma sita hadi nane, kisha dozi ndogo ya kila siku. Rudia maneno hayo mbele ya mfamasia kabla ya kuondoka dirishani: mara moja kwa juma. Kidonge hicho kikimezwa kila siku kwa muda mrefu kinaweza kumpeleka mtu hospitali, kwa sababu kalsiamu hupanda na kuleta kiu isiyokwisha, kukojoa sana, kutapika, kufunga choo, kuchanganyikiwa, na mwishowe kuharibu figo. Dozi kubwa ya kwa mwaka mara moja nayo haifai: nchini Australia wanawake wazee waliopewa yuniti 500,000 kwa mpigo mmoja kila mwaka walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wenzao, kama utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulivyoonyesha.

Kwa asiye na upungufu, mahitaji ya kila siku yaliyowekwa Marekani ni yuniti 600 kuanzia umri wa mwaka mmoja hadi miaka 70, na 800 baada ya hapo, na mtu mzima asivuke 4,000 kwa siku bila usimamizi wa daktari. Chupa nyingine huandikwa kwa mikrogramu. Zidisha kwa 40 upate yuniti. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo sana, na madaktari wa watoto wa Marekani hushauri mtoto anyonyaye apewe matone ya yuniti 400 kila siku tangu siku zake za kwanza. Vyakula havitoshi kuziba pengo kubwa, ila samaki wa baharini wenye mafuta kama vibua na sadini, kiini cha yai na maini husaidia.

Jua linabaki chanzo cha bei nafuu kwa wanaoishi huku. Tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, mionzi ya UVB inafika kwa wingi, kikiwa kirefu, kama saa moja asubuhi, unapata mwanga na joto bila vitamini ya maana. Kwa hiyo desturi ya kumwanika mtoto alfajiri, ingawa ni nzuri kwa mengine, haifanyi kazi inayodhaniwa. Kukaa nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii, kwa kuwa kioo huzuia UVB. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe, lakini hakuna sababu ya kukaa hadi kuungua, na mwenye ualbino asijaribu njia hii kabisa; yeye apate vitamini yake kwa chakula na vidonge. Mwanamke anayejifunika anaweza kukaa uani, mikono na miguu ikiwa wazi, kwa muda mfupi mara kadhaa kwa juma.

Anayetibiwa kifua kikuu au mwenye sakoidosisi (ugonjwa ambao chembe za kinga hujikusanya na kuleta uvimbe, hasa mapafuni) asijinunulie dozi kubwa dukani, kwa sababu katika maradhi hayo chembe za kinga zinaweza kutengeneza 1,25 zenyewe, nje ya udhibiti wa figo, na kalsiamu ikapanda kwa ghafla. Hali kadhalika aliyewahi kupata mawe ya figo azungumze na daktari kwanza.

Kipimo cha kurudia kisifanywe kabla ya miezi mitatu, maana kiwango huchukua muda huo kutulia kwenye dozi mpya, na kifanywe katika maabara ileile ili namba zilinganike. Kama hakijapanda, jambo la kwanza la kuchunguza ni namna vidonge vilivyomezwa: vitamini hii huyeyuka katika mafuta, na hufyonzwa vizuri zaidi inapomezwa na chakula chenye mafuta. Ikiwa vilimezwa ipasavyo na namba bado haijasogea, hapo daktari achunguze utumbo.